Waliotoweka na Walinzi Wao: Ustaarabu Uliokufa katika Hadithi ya Kisayansi na katika Miamba ya Mfangano

Utangulizi

Katika hadithi za kisayansi kuna kisa ambacho watunzi wa lugha nyingi wamekirudia bila kukichosha. Wasafiri wanafika mahali pageni, agh. kwenye sayari ya mbali. Wanakuta magofu ya viumbe waliokwisha kufa zamani. Na kabla hadithi haijakwisha, wafu wale wamekwisha kuyabadili maisha ya walio hai. Wenyewe hawapo tena, lakini athari yao ingalipo. Kisa hiki kinapendwa kwa sababu kinagusa swali kongwe la fasihi yote, yaani aliyekufa anaendeleaje kuwa na neno miongoni mwa walio hai.

Uhakiki wa Kiswahili, ambao kwa muda mrefu uliipima riwaya zaidi kwa kigezo cha uhalisia, haujalitazama swali hili kwa upande wa hadithi za kisayansi kwa kiasi kinachostahili. Makala haya yanakusudia kuichunguza hadithi moja mashuhuri ya aina hiyo, “The Star” ya Arthur C. Clarke, iliyochapishwa mwaka 1955 na kutunukiwa tuzo ya Hugo mwaka 1956. Mizani itakayotumika kuipima haikutengenezwa na watunzi wa Ulaya wala wa Marekani. Mizani hiyo ni desturi ya watu wa mwambao wa Kenya wa Ziwa Victoria, kuanzia Kisumu hadi kisiwa cha Mfangano, ambako mabaki ya watu waliotangulia yamekaa miongoni mwa watu wa baadaye kwa karne nyingi.

Hoja ya makala ni hii: katika hadithi ya Clarke, athari ya waliotoweka imo ndani ya vitu walivyoviacha, katika mwambao wa ziwa, athari hiyo imo katika wajibu ambao watu wa baadaye wamejitwika juu ya vitu hivyo. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana kwanza, na ina uzito wa pekee kwa mtunzi wa Kiswahili atakayetaka kuandika hadithi ya namna hii.

“The Star” na mbinu zake

Msimulizi wa “The Star” ni padri Mjesuiti, naye pia ni mtaalamu wa elimu ya nyota katika chombo cha angani kilichosafiri maelfu ya miaka ya nuru kutoka duniani. Chombo kimetumwa kuchunguza mabaki ya nyota iliyolipuka. Katika sayari ya mwisho ya mfumo ule, iliyokuwa mbali kiasi kwamba moto wa mlipuko haukuiteketeza yote, wasafiri wanaona mabaki ya mnara ulioyeyuka, na chini yake ghala lililojengwa ndani ya mwamba. Humo wenyeji wa mfumo ule, walipotambua kwamba jua lao linakufa nao hawana uwezo wa kuzifikia nyota nyingine, waliweka kila walichotaka kisipotee: sanamu, picha, maandishi, na sauti za lugha yao. Katika picha mojawapo watoto wanaonekana wakicheza ufukoni chini ya jua lile lile litakalowaua baadaye wazao wao.

Padri anapiga hesabu ya umri wa mlipuko na ya muda ambao mwanga wake ulihitaji kuifikia dunia. Jibu linamvunja moyo: nyota ile ndiyo iliyong'aa juu ya Bethlehemu. Hadithi inamalizikia katika swali ambalo padri anamwelekezea Mungu wake, nalo halijibiwi.

Kifani, hadithi imejengwa kwa ustadi. Mtunzi ameuficha ugunduzi hadi mwisho, ilhali tangu mwanzo msimulizi anazungumza kama mtu aliyekwisha kujeruhiwa, hivyo msomaji anaingojea sababu ya jeraha. Uteuzi wa mhusika pia ni wa busara. Mtunzi wa kiwango cha chini angemchagua askari au mfanyabiashara, naye angeliona ghala kama ngawira. Padri anawaona wafu wale kama majirani. Anazitazama sura zao, anawahurumia watoto wao, na anapopiga hesabu yake ni kana kwamba anafanya maziko. Huruma hiyo ndiyo inayoifanya hadithi ipite kiwango cha mzaha wa kisayansi juu ya dini.

Hata hivyo, athari ya waliotoweka katika hadithi hii inategemea masharti matatu ambayo mtunzi hayataji. Sharti la kwanza ni kwamba wafu walikusudia kukumbukwa. Ghala ni wasia, na mnara uliwekwa ili wageni wasilikose. Sharti la pili ni kwamba hawana mrithi. Hakuna mtu wala mnyama aliyebaki kando ya ghala, kwa hiyo afikaye kwanza hana wa kumwomba idhini. Sharti la tatu ni kwamba anayeyasoma mabaki ni mtaalamu. Wasafiri wanaiacha ratiba yao, wanaingia ghalani, wanachunguza, kisha wanaondoka. Wanachokipata ni maarifa, na maarifa hayo yanamsumbua mmoja wao katika chumba chake akiwa njiani kurudi nyumbani.

Masharti haya hayakubuniwa na Clarke peke yake. Katika hadithi yake ya awali, “The Sentinel” ya mwaka 1951, wafanyakazi mwezini wanakuta kitu kilichowekwa na viumbe wa kale, na kwa kuwa hawakielewi wanakivunja kwa nguvu za atomiki. Katika riwaya ya ndugu Arkady na Boris Strugatsky iliyotoka Urusi mwaka 1972, ijulikanayo kwa Kiingereza kama Roadside Picnic, wageni wa angani wamepita tu na kuacha takataka, nao binadamu wanahatarisha maisha yao kuziokota na kuziuza. Kazi hizi zinatofautiana sana kwa falsafa, lakini zinakubaliana katika jambo moja: nguvu imo ndani ya kitu. Kitu kinangoja. Anayekikuta anakivunja, anakiuza au anakililia.

“Watu wageni waliotoweka” katika historia ya Afrika

Kabla ya kufika ziwani, yafaa kuonyesha kwamba kisa cha ustaarabu mgeni uliotoweka hakikubaki katika vitabu vya hadithi. Barani Afrika kiliwahi kuvaa joho la elimu. Karl Mauch alipofika Great Zimbabwe mwaka 1871, alizihusisha kuta zile na Malkia wa Sheba, na baada yake wengine wakasema zilijengwa na Wafoinike au Waarabu wa kale. Ilionekana lolote laweza kukubalika isipokuwa kwamba wajenzi walikuwa Waafrika. Uchimbaji wa David Randall-MacIver mwaka 1905 na wa Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929 ulithibitisha kwamba kuta ni kazi ya Waafrika. Lakini dhana yenyewe haikufa. Mwaka 1968 Erich von Däniken aliwapelekea wasomaji wa Ulaya kitabu kilichodai kwamba kazi nyingi za watu wa kale zilitokana na wageni wa angani.

Kenya nayo ilipewa fungu lake. Mwaka 1933 G. W. B. Huntingford alichapisha makala kuhusu kile alichokiita ustaarabu wa Kiazania wa Kenya. Kwa maoni yake, mashimo ya makazi, matuta na kazi za mawe zilizoonekana katika nyanda za juu zilikuwa mabaki ya watu wengine waliokuja, wakastaarabika, wakatoweka. Katika miaka ya 1960 na 1970 utafiti wa John Sutton ulionyesha kwamba yale yaitwayo mashimo ya Sirikwa yalikuwa maboma ya ng'ombe, kazi ya wafugaji ambao uzao wao na utamaduni wao umo miongoni mwa Wakalenjin wa leo. Ustaarabu uliosemekana umekufa ulikuwa ukichunga ng'ombe hapo hapo jirani na mtafiti.

Funzo la kihakiki ni dhahiri. Kumwita mtu “aliyetoweka” ni tendo la msimulizi, nalo lina faida kwake. Nchi isiyo na mrithi ni nchi iliyo wazi. Sharti la pili la “The Star”, ambalo angani halina madhara, duniani limewahi kutumiwa kuwanyang'anya watu kazi ya mikono ya babu zao. Clarke hastahili kulaumiwa kwa hilo, lakini mhakiki wa Kiafrika hawezi kulisoma sharti hilo kana kwamba halina historia.

Kutoka Kisumu hadi Thimlich Ohinga

Katika Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, umejengwa mji kamili wa Kijaluo kwa kipimo chake halisi, uitwao Ber-gi-dala. Ipo nyumba ya mke mkubwa, mikayi, ipo ya mke wa pili na ya wa tatu, na karibu na lango ipo simba ya mwana wa kiume. Hakuna aishiye humo. Kwa juu juu, mji huo unafanana na ghala la Clarke: vitu vimepangwa ili mgeni ajifunze kuhusu watu wasiokuwapo. Lakini mtazamaji atokaye Nyakach au Asembo anaufahamu mpangilio ule kwa njia nyingine. Akitaka kujenga kwao, wazee watamwuliza nyumba yake imekaa upande gani wa ile ya baba yake. Maonyesho yanamkumbusha tu; wajibu wenyewe unatoka kwa watu wa nyumbani. Mfano huu mdogo unaonyesha tofauti inayochunguzwa hapa.

Mfano mkubwa zaidi uko kusini, katika kaunti ya Migori, mahali paitwapo Thimlich Ohinga. Pale zimesimama kuta za mawe zilizopangwa bila saruji wala udongo wa kushikiza, baadhi zikifikia urefu wa zaidi ya meta 4, na inakadiriwa kwamba zilijengwa kuanzia karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Jina lenyewe ni la Kijaluo na linataja pori la kutisha na ngome ya mawe, yaani ni jina la watu waliozikuta kuta zikiwa zimezungukwa na msitu. Lakini waliozikuta hawakuziacha kama magofu. Makundi mbalimbali, ya Kibantu na ya Kiniloti, yalipishana pale kwa karne kadhaa, na yaliyofika yaliingia, yakatengeneza palipobomoka, yakafuga na kuishi humo hadi karne ya 20.

Ukuta usio na saruji hauvumilii kupuuzwa. Jiwe likianguka lisirudishwe, la pili hulifuata. Kwa hiyo kusimama kwa Thimlich Ohinga ni ushahidi wa mikono mingi, na mingi ya mikono hiyo haikuwa ya uzao wa wajenzi wa kwanza. Hapa sharti la pili la “The Star” limevunjika: mrithi yupo, ijapokuwa hakuzaliwa na marehemu.

Michoro ya Mfangano

Mfano ulio karibu kabisa na hadithi ya Clarke unapatikana katika kisiwa cha Mfangano, magharibi ya Mbita, karibu na mlango wa Ghuba ya Winam. Katika miamba ya kisiwa hicho, hasa mahali paitwapo Mawanga na Kwitone, kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe. Hakuna picha za watu wakiwinda wala za wanyama kama zile za Kondoa katika Tanzania. Kuna miduara iliyomo ndani ya miduara, mizunguko kama ya konokono, na maumbo yenye miale kama ya jua. Michoro ya jinsi hiyo iko pia Nyero, mashariki ya Uganda, na wataalamu huihusisha michoro hiyo na wawindaji wa kale ambao mapokeo ya wenyeji huwaita Watwa. Umri wake hukadiriwa kwa maelfu ya miaka.

Abasuba, ambao ndio wenyeji wa Mfangano katika historia inayokumbukwa, hawakuichora. Masimulizi yao yanawaleta wahenga wao kwa mitumbwi kutoka pande za Buganda na Busoga katika karne ya 18, wakikimbia misukosuko ya huko. Walipofika waliikuta michoro ya watu wengine, yenye maana ambayo hakuna aliyekuwapo kuwafasiria. Hali yao basi ilikuwa sawa kabisa na ya padri wa Clarke: wageni mbele ya ishara za wafu wasiojulikana.

Walilolifanya ndilo linalowatenga na padri yule. Mahali pa michoro palifanywa patakatifu. Miiko iliwekwa juu ya nani aende, aende lini na kwa shughuli gani, na koo za kisiwani zilibeba dhamana ya matambiko ya mvua mahali pale hadi karne ya 20. Michoro ambayo haikuwa na maandishi, wala wasia, wala mnara wa kumwita mpita njia, ilipewa nafasi katika maisha ya watu ambao wachoraji hawakuwajua. Sharti la kwanza la “The Star” nalo limevunjika, kwa kuwa haijulikani kama wachoraji walitaka kukumbukwa na yeyote. Na la tatu pia, kwa kuwa wasomaji wa ishara hawakuwa wataalamu waliopita njia, walikuwa wakulima na wavuvi walioihitaji mvua.

Wahenga wa Kiswahili walisema mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Pale Mfangano methali hii inageuka kwa namna ya kustaajabisha. Kwa hesabu ya miaka, Abasuba ndio waliokuwa wageni, na wachoraji ndio waliokuwa wenyeji. Lakini walio hai walimkabidhi mwenyeji aliyekufa jembe, wakampa kazi ya kuita mvua, nao kwa malipo wakajifunga kuilinda nyumba yake. Huo ni mkataba ambao upande mmoja haukuwahi kuutia saini, na hata hivyo umetimizwa kwa vizazi vingi. Iwapo kuna mtunzi wa hadithi za kisayansi aliyewahi kubuni uhusiano wa aina hii baina ya binadamu na viumbe waliotoweka, basi kazi yake haijapata umaarufu unaostahili.

Pingamizi

Mtu anaweza kupinga kwamba ulinganisho huu hauna haki. Padri wa Clarke alitafuta ukweli, na aliupata ingawa ulimwumiza. Walinzi wa Mfangano waliipa michoro maana wanayoitaka wao, na huenda maana hiyo haina uhusiano na fikira za wachoraji. Kwa lugha nyingine, padri aliwasikiliza wafu, Abasuba waliwasemea.

Pingamizi hili lina nguvu na halifai kupuuzwa. Ni kweli kwamba tambiko la mvua haliwezi kuchukuliwa kuwa ushahidi wa yale ambayo mchoraji aliyakusudia. Lakini jambo moja la kihistoria linabaki. Ukweli utafutwao na mtaalamu unahitaji kitu cha kuchunguza, na kitu hicho kimehifadhiwa na miiko ya watu ambao hawakuwa wakikichunguza. Bila mlinzi, mtafiti angekuta mwamba uliochubuliwa. Tena padri mwenyewe hakuwasikiliza wafu bila kuwasemea: aliigeuza huzuni yao kuwa swali lake juu ya imani yake. Wale watoto wa ufukoni hawakuwahi kusikia habari ya Bethlehemu. Kila anayepokea athari ya waliotoweka huitia katika lugha yake; tofauti ni kama baada ya kufanya hivyo anabaki na wajibu wowote kwao.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linauhusu mwambao wenyewe. Je, wachoraji wametoweka kweli? Watu waitwao Batwa wako hai leo Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Mwaka 1991 misitu ya Bwindi na Mgahinga ilipofanywa hifadhi za taifa nchini Uganda, Batwa walitolewa humo, wakabaki maskwota pembezoni mwa mashamba ya wengine. Kama wao ni uzao wa wachoraji wa Mfangano au la, hilo ni suala la wanaakiolojia. Lakini mhakiki ana la kusema kuhusu matumizi ya neno. Ni rahisi kumheshimu Mtwa aliyekufa, aliyeacha miduara mizuri mwambani, na papo hapo kumsahau Mtwa aliye hai asiye na shamba. Hadithi ya ustaarabu uliotoweka inamwalika msomaji katika heshima hiyo rahisi. Mtunzi makini ataujua mtego huo na ataukwepa.

Lugha ya walinzi

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la nadharia. Walinzi wa michoro waliifanya kazi yao katika lugha yao, Olusuba, ambayo ni ya Kibantu. Kwa muda wa vizazi kadhaa lugha hiyo imekuwa ikimezwa na Kijaluo, lugha ya Kiniloti ya majirani walio wengi, kwa njia ya ndoa, biashara, kanisa na shule. UNESCO imeiorodhesha miongoni mwa lugha zilizo hatarini. Wengi wanaojitambua kuwa Abasuba huzungumza Kijaluo nyumbani mwao, na wana majina ya Kijaluo.

Maana yake kwa mada hii ni nzito. Miiko, maneno ya tambiko, na majina ya mahali hayahami kwa urahisi kutoka lugha moja hadi nyingine. Lugha ya mlinzi ikifa, michoro itabaki, na pengine itatunzwa vizuri. Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba, yaliyoanzishwa kisiwani mwaka 2000, yamefanya kazi ya kuihifadhi na kuieleza. Lakini itakuwa imerudi katika hali ya ghala la Clarke: kitu kizuri cha wafu, kinachoelezwa kwa wageni kwa lugha ya wageni. Tena safari hii watakaokuwa wametoweka ni tabaka mbili za watu, wachoraji na walinzi, na wa pili wanaondoka huku uzao wao ungali hai ukivua samaki katika maji yale yale. Hicho ni kisa cha ustaarabu kufa ambacho hadithi za kisayansi hazijakizoea. Hakuna nyota iliyolipuka. Watoto wanacheza ufukoni kama kawaida, ila wanaitana kwa lugha nyingine.

Kiswahili nacho hakiwezi kujitoa katika kesi hii. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya lugha ya taifa na lugha rasmi, na katika kifungu hicho hicho imeitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wenyeji. Mtunzi wa Kiswahili atakayeandika kuhusu Mfangano atakuwa akisimama mahali pa msafiri wa Clarke, mwenye chombo kikubwa na ratiba ya kuondoka. Iwapo atachukua miduara ya Mawanga kama pambo la hadithi, bila walinzi na bila lugha yao, atakuwa ameongeza chumba kimoja katika ghala.

Walenisi na hitimisho

Fasihi ya Kiswahili haikosi kielelezo cha njia nyingine. Euphrase Kezilahabi alikwisha kuivusha riwaya mipaka ya uhalisia katika Nagona (1990) na Mzingile (1991). Lakini kwa mada hii kazi ya kutazamwa ni Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa mwaka 1995. Humo Dzombo anahukumiwa kurushwa angani ili afe, naye badala ya kufa anafika katika sayari yenye jamii iliyopangwa kwa haki. Jina la sayari ni fumbo ambalo msomaji wa Kiswahili hulifumbua kwa sikio: wale ni sisi. Mkangi aliutumia msafara wa angani kuishtaki jamii yake ya duniani. Viumbe wa mbali hawakuwa wa kustaajabiwa tu. Walikuwa kioo na deni.

Riwaya ya Mkangi haihusu waliotoweka, na haifai kulazimishwa iseme yasiyo yake. Hata hivyo jina lake linataja kwa maneno matatu tendo ambalo watu wa Thimlich Ohinga na wa Mfangano walilitenda kwa mawe na kwa miiko. Walikuta mabaki ya wale, wakayatunza kama ya kwao. Hawakudai kwamba wao ndio waliochora au waliojenga tangu mwanzo, na hawakusema kwamba waliotangulia walikuwa Wafoinike au watu wa angani. Walikubali kwamba aliyetangulia alikuwa mtu mwingine, kisha wakampa nafasi katika mji.

“The Star” inabaki kuwa hadithi ya thamani, kwa kuwa ndani ya masharti yake finyu imemfanya msomaji aomboleze kifo cha watu ambao hakuwahi kuwajua. Hilo si jambo dogo. Upungufu wake ni kwamba maombolezo ndiyo mwisho wa yote: chombo kinageuza njia, na ghala linaachwa katika giza. Hadithi ya kisayansi ya Kiswahili itakayoandikwa kuhusu mwambao huu ingeweza kuanzia pale Clarke alipoishia, siku ya pili baada ya ugunduzi, pale ambapo mmoja wa wasafiri anaamua kutoondoka, na inabidi aamue ni jiwe lipi litakalorudishwa ukutani kwanza, mwiko upi utawekwa, na watoto watakaozaliwa pale watafundishwa kuutamka kwa lugha gani.